Shanga Shingoni mwa Debora

Mimi mdomo wangu hauna breki, Bweri nzima inajua. Nauzaga mitumba hapa jirani na stendi. Mteja akishika blauzi yangu, akaifinyafinya na kusema, "Hii imechoka," namjibu, "Na wewe umechoka, mbona watu wanakuvumilia?" Ndivyo nilivyoumbwa. Sasa mtu kama mimi kubeba siri ya Eufrasia miaka yote hii ni sawa na kukaa na mwiba wa sangara kooni. Aliniapisha nisimwambie Sara, mtoto wake. Hakuniapisha nisiwaambie nyinyi.

Eufrasia ni jirani yangu, mlango wake na wangu inatazamana. Ni mjane wa Bernado, mtu wa Butiama. Yeye mwenyewe kazaliwa vijiji vya ziwani huko Majita. Mpole mpaka anaudhi. Akikanyagwa mguu anaomba yeye msamaha. Kazi yake ilikuwa shanga, na sisemi zile za kutunga kwenye uzi kama anavyofanya kila mtu. Yeye alikuwa anazifuma kwa kroshia.

Nilikaaga namtazama nikiwa sina wateja. Kwanza anatunga shanga zote kwenye uzi, rangi kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe unakwenda kinyume, kwa sababu ile inayoingia mwisho ndiyo itakayofumwa kwanza. Ukikosea kutunga, utajua umekosea wakati ushanga uko nusu. Halafu anachukua ile sindano yenye ndoano mdomoni, anaanzisha kiduara kidogo, kila tundu linabeba shanga moja, duara juu ya duara, mpaka inatoka kamba nene kama kidole, shanga tupu nje. Mwisho mmoja anaweka kitanzi cha uzi, mwisho mwingine anashona kifungo. Vifungo alikuwa anavipata kwangu, kwenye mashati yasiyouzika. Vile vibanio vya chuma vya dukani hakuvitaka. Alisema vinashika kutu kwa jasho, na vinang'oa vinywele vya kisogoni.

Na alikuwa hakupi ushanga mkononi. Hata ungekuwa nani, alikuambia, "Geuka." Anakuvalisha mwenyewe, anafunga kifungo kisogoni, kisha anapitisha kidole kimoja kati ya ushanga na shingo. Kikipita vizuri, anakugonga begani kidogo: "Haya, nenda." Wanawake walikuwa wanatoka mjini Musoma kuja Bweri kwa ajili ya hicho kidole tu. Mimi nilimcheka, nikamwambia, "Mama Debora, wewe unauza shanga au unabariki watu?" Naye anacheka chini chini, haonyeshi meno.

Debora ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Sara wa pili, basi, tumbo likafungwa na kifo cha Bernado. Debora alikuwa msichana mrefu, mwenye kelele, wa kwangu kabisa kwa tabia. Alivaa ushanga wa mama yake kila siku ya Mungu, wa bluu na nyeupe, hata akienda kuchota maji. Alikufa kwa homa iliyompanda kichwani. Jumapili aliimba kanisani, na wiki haikuisha tukawa tunampeleka Butiama kwenye makaburi ya baba yake. Sitaki kukaa hapo sana.

Ila lazima niwaambie kuhusu mwiko wa ukoo wa Bernado, maana bila huo hamtaelewa kitu. Kwao maiti haingii kaburini ikiwa imefungwa chochote. Mwanaume wanamfungua mkanda, wanamlegezea na kamba za viatu. Mwanamke hafungwi kitambaa kichwani, anafunikwa tu. Vifungo vya nguo vinaachwa wazi. Wanasema kilichofungwa kaburini kinafunga na matumbo ya wanawake waliobaki juu. Katekista anasali sala zake, anaondoka, na wazee nao wanaulizia ya kwao. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayebishana.

Tulimwosha Debora mimi na mama yake. Wengine walikuwa nje wanagombania masufuria na kuni, mnajua misiba yetu. Chumbani tulibaki wawili. Eufrasia akasema mtoto wake hatazikwa bila ushanga wake, ila ataufungua. Akampitishia mkono chini ya kisogo, akatafuta kifungo. Kikagoma. Uzi wa kitanzi ulikuwa umelowa maji tuliyomwoshea, umebana. Nikamwambia nilete mkasi, akakataa. Akainama, akalaza shavu lake kwenye shavu la Debora, akakitoa kifungo kwa meno. Nilikiona kikitoka. Ncha moja akailaza huku, nyingine huku, zisigusane, mbele shanga zikabaki zimekaa vizuri shingoni kama kawaida. Tukamvutia kanga mpaka kidevuni. Akaniuliza, "Umeona, Mama Gody?" Nikamwambia nimeona.

Nimeona! Macho yangu haya haya mawili. Mkumbuke hilo, maana hasira yangu yote imekaa hapo.

Miaka ikaenda. Sara akaolewa Nyamuswa na kijana mmoja anaitwa Robert, wakulima wa pamba na wafugaji, watu wenye zizi. Ng'ombe walitoka, tukala, tukacheza, Eufrasia akamfunga bibi harusi ushanga mwekundu, kidole kikapita. Robert mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mama yake, basi.

Mimba ya kwanza ya Sara ikatoka. Ya pili ikatoka. Iliyofuata ilikaa mpaka tumbo likaonekana, tukaanza kupumua, nayo ikatoka, akiwa shambani kwenye pamba na jembe mkononi. Alipokuja kumwona mama yake baada ya ile, alikuwa amekonda mabega yametoka nje kama hanga ya nguo. Daktari alikuwa amewaambia waje wote wawili, mke na mume, wapimwe. Robert akasema yeye haumwi. Mama yake akasema ukoo wao hawajawahi kupima mwanaume mzima kama ng'ombe wa mnadani.

Ndipo ikaja simu kwamba Eufrasia anaitwa Nyamuswa kwenye kikao. Ndugu za Bernado waliahidi kufika. Siku ilipofika, mmoja anaumwa mgongo, mwingine hapatikani kwenye simu. Eufrasia akaja mlangoni kwangu asubuhi kavaa kitenge chake cha kanisani. "Mama Gody, sina mtu." Nikafunga biashara. Tukapanda basi, Nyamuswa tukachukua bodaboda mpaka kwao Robert.

Tulikuta wamejaa. Sara kakaa chini kwenye mkeka, peke yake, anaangalia vidole vyake vya miguu. Baba mkubwa wa Robert, Mzee Mwandu, ndiye aliyeongea. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko makelele.

"Mkwe wetu," akasema, "hatujakuita kukutukana. Binti yako ni mchapakazi, ana heshima. Lakini nyumba haijengwi kwa heshima peke yake. Mimba zinatoka. Sisi tumetazama upande wetu, hatukuona kitu. Sasa tunauliza upande wenu. Kama tatizo liko kwa huyu mtoto mwenyewe, mwili wake ndio haushiki, basi tuongee kama watu wazima, arudi kwenu na ng'ombe warudi. Kama kuna kitu kimefungwa huko kwenu, tuambie. Kilichofungwa kinafunguliwa."

Mama Robert akadakia. "Mimi nilikuja na watu wa kanisa kwenye msiba wa yule dada yake, kabla hatujawa wakwe. Wakati wa kuaga kanga iliteleza, nikamwona na shanga shingoni. Mbichi kabisa, zinang'aa. Nikasema moyoni, hawa watu wa Butiama na mwiko wao, hii imekuwaje? Lisemwalo lipo."

Wote wakamgeukia Eufrasia. Mimi nikajiandaa. Nilikuwa nimeshakohoa, nimeshashika kanga yangu vizuri, nimwambie yule mama kwamba shanga kuwa shingoni siyo kufungwa, kifungo kilifunguliwa, na mimi shahidi niko hapa hapa. Eufrasia akanikanyaga mguu. Siyo kwa bahati mbaya. Alinikandamiza kwa kisigino, yule ambaye maisha yake yote hajawahi kumkanyaga hata jogoo.

Akasema, "Sikufungua."

Mzee Mwandu akamtaka arudie.

"Ushanga wa Debora sikuufungua. Nilijua mwiko, nikashindwa. Nilimfunga mwenyewe, nikamwacha hivyo hivyo. Kosa ni langu. Sara hana kitu."

Jamani! Nikamwangalia, hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Sara. Na Sara ndiyo kwanza anainua uso tangu tumeingia. Siwezi kusahau ule uso. Kwanza niliona kama mtu aliyetuliwa mzigo, mwanga kidogo ukapita machoni. Halafu ukaja uso mwingine.

"Mama," akasema, "ulijua? Zinatoka moja moja, unakuja kunipikia uji, unanifuta damu, na ulikuwa unajua?"

Eufrasia akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Sara akasimama, akaingia ndani. Wale watu wakaanza kupumua, wakaanza hata kuleta chai! Mama Robert akanimiminia kikombe kwa mkono wake, mkarimu ghafla. Sikuinywa. Mambo ya watu wale yalikuwa yamekaa sawa. Kosa limepata mwenyewe, ng'ombe wa mahari wanabaki walikokwenda, na mke anabaki kwa mume.

Kwenye basi la kurudi nilimshukia. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wanaosali. Nilimwita mwongo, nikamwita mjinga, abiria wakageuka. Aliniacha nimalize. Kisha akasema pole pole, "Mama Gody, wale walishaamua kuna kosa. Wasingepata langu, wangechukua la Sara. La kwangu lina dawa. La Sara halina dawa, ni kurudishwa tu. Akirudishwa kwa sababu hiyo, nani tena atamwoa?"

"Na wewe je? Amekuona muuaji wa watoto wake."

"Mimi ni mama yake. Atanisamehe nikiwa sipo."

Nikamwambia nitamwambia Sara kesho. Akanishika mkono, akaniapisha kwa Gody wangu, kifungua mimba wangu, kwamba mdomo huu hautasema kwa Sara maadamu yeye anaishi. Nililia kwa hasira mpaka Bweri. Waswahili wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi pia ni mzazi, na sidhani kama ningeweza.

Dawa yenyewe ikafanyika Butiama, kwenye kaburi la Debora. Mzee Mwandu alikuwa amesema mkono uliofunga ufungue. Kufukua kaburi hakuna, Mungu atuepushe, lakini Eufrasia alete shanga zake zote za ndani ya nyumba azifumue pale, na kuanzia siku hiyo asifunge tena ushanga shingoni mwa mtu yeyote. Ukoo wa Bernado, ambao kwenye kikao hawakuonekana, siku hiyo walijaa.

Kroshia ina kitu kimoja kibaya. Ukiipata ncha yake ukaivuta, inafumuka yote, duara kwa duara, kama haijawahi kushikana. Kazi ya miezi ilikuwa imelazwa kwenye ungo. Ulikuwepo wa kijani wa mteja wa Bunda, ulikuwepo wa njano alioniahidi mimi. Eufrasia akapiga magoti akaanza kuvuta. Shanga zinamwagika kwenye udongo tik tik tik, watoto wanataka kuziokota, wanapigwa vibao vya mikono. Alivuta mpaka uzi ukamkata kidole. Hakuna aliyemsaidia, maana mkono uliofunga ndio unaofungua. Sara alisimama upande wa wakwe zake, ameshika tumbo. Mama yake alipoinuka, magoti yamejaa vumbi, mimi nilimpangusa sketi tu.

Alijaribu kuendelea na kazi. Alisema amekatazwa kufunga, hajakatazwa kufuma. Basi akifuma kamba, mimi nikawa nashona kitanzi na kifungo, mimi ndiye namwambia mteja "geuka". Mweh! Vidole vyangu ni vya kupiga chapa bei ya mitumba. Kifungo kinachomoka, ushanga unaanguka kwenye mchuzi wa watu kwenye harusi, mteja anarudi kafura. Na habari zilikuwa zimeshafika mjini. Nani avae ushanga wa mwanamke aliyefunga uzazi wa mtoto wake? Wakaacha kuja. Sindano akaichomeka kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, akaanza kulima matembele ya kuuza. Nilikuwa namwona jioni amekaa, vidole vinacheza peke yake mapajani, vinafuma hewa.

Sara akashika mimba. Safari hii wakwe walimpumzisha, kwa kuwa kilichofungwa kimefunguliwa na mtoto huyu ni wa uhakika, asije akaharibiwa na jembe. Hakwenda kwenye pamba. Hakubeba ndoo. Walimpeleka kliniki mapema, akapewa vidonge, akalala mchana kama binti mfalme. Mimba zote zilizotangulia alizibeba akiwa ameinama shambani, jamani, hata mimi wa mitumba naona! Lakini ukiwauliza, watakuambia ni dawa ya kaburini. Akazaliwa mtoto wa kiume, mzima, wakamwita Benjamini. Kijiji kizima kikasema, mmeona? Ilikuwa kweli. Yule mama ndiye aliyekuwa amefunga.

Eufrasia alisikia mtoto amezaliwa kutoka kwenye simu yangu. Alipiga ishara ya msalaba, akaenda kupalilia matembele yake.

Watu wa Nyamuswa wakakaa kimya mpaka mtoto ameanza kukaza shingo. Ndipo Sara akapiga kwamba wanapita Bweri, wanakwenda mjini, watasalimia. Eufrasia alioga mara mbili. Alifagia uwanja mpaka ukabaki na michirizi. Akaosha mikono yake kwa sabuni ya kipande, kucha kwa kucha, kisha akakaa kwenye mkeka akiiweka mapajani isishike kitu.

Walifika na bodaboda, Robert kabeba begi, Sara kabeba mtoto. Mtoto huyo, jamani, mashavu mpaka yameficha pua. Eufrasia akainuka, akanyoosha mikono.

Sara akasimama mlangoni. Nilimwona anataka, Mungu ni shahidi wangu, mguu mmoja ulitangulia. Kisha akasimama.

"Mama, samahani," akasema, machozi yanamtoka. "Naogopa. Sijui kitu, ila naogopa. Nimempata huyu mmoja tu."

Akageuka, akanipa mimi.

Mimi! Nikampokea kwa sababu ungefanyaje, ukimwacha ataanguka. Nilimlaza kwenye kanga yangu, kifuani. Yale maneno yote yakanijaa mdomoni, kifungo, meno, shavu juu ya shavu la marehemu. Nilifungua mdomo. Eufrasia akaniangalia, mikono yake bado iko hewani, akaishusha taratibu.

"Mama Gody," akasema, "mshike shingo vizuri. Bado laini."

Nikamshika shingo. Walikunywa soda, wakaongea habari za mvua. Robert akacheza na simu yake. Eufrasia alikaa upande wa pili wa mkeka, anamtazama mtoto akipiga miayo, na kila akipiga miayo na yeye mdomo unafunguka kidogo. Sara alimwambia mama yake kwamba chakula alichopika ni kitamu. Kisha bodaboda ikaja, nikamrudisha mtoto kwa mama yake, wakaenda.

Tulibaki tumesimama pale uani. Nilikuwa nasubiri alie ili na mimi nilie, nipate pa kuanzia kumgombeza. Hakulia.

"Hiyo kanga uliyompakatia," akaniuliza, "utaifua leo?"

Nikamwambia hapana.

"Basi niachie."

Niliivua nikampa. Akaikunja ile sehemu ya kifuani ndani, akaiweka usoni, akaingia nayo ndani na kufunga mlango. Mimi nikavuka kwenda kwangu na gauni tupu. Hajairudisha mpaka leo, na sijaiulizia.